Kwa Nini Saratani ya Matiti Husambaa?

Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa sauti ya chini: saratani ya matiti. Tumezoea kuuogopa uvimbe wenyewe. Lakini uvimbe uliobaki ndani ya titi kwa kawaida hauui. Kinachoua ni saratani kuhama na kwenda kukaa katika mifupa, mapafu, ini au ubongo. Je, inapata wapi nguvu ya kuhama?

Miili yetu imejengwa kwa chembe hai ndogo mno ziitwazo seli. Seli haziongezeki ovyo, hungoja amri. Ukijikata kidole unapomenya viazi, mwili hutoa vichocheo vya ukuaji. Hivyo hushika vipokezi vilivyo kwenye utando wa nje wa seli, kama ufunguo uingiavyo katika kufuli, na seli hupata amri: gawanyika, sogea, ziba jeraha. Jeraha likifunga, amri hukoma.

Rita Levi-Montalcini wa Italia na Stanley Cohen wa Marekani walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa kugundua vichocheo vya namna hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mama huyo alifanya uchunguzi wake chumbani kwake, akitumia mayai ya kuku.

Katika saratani amri haikomi. Seli huendelea kugawanyika bila haja. Tena amri ile ile ya kusogea huzifanya ziachane na jirani zake, ziyeyushe ukuta unaozizuia, kisha zipenye katika mishipa ya damu au zifike kwenye tezi za kwapani. Uvimbe nao hutuma ujumbe wake ili mishipa mipya ya damu iote na kuulisha.

Kuna kipokezi kimoja ambacho kila mwanamke anafaa kukijua: HER2. Kati ya wanawake 100 wenye saratani ya matiti, 15 hadi 20 hivi huwa na uvimbe wenye HER2 kupita kiasi. Mwaka 1987, Dennis Slamon na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba wanawake hao hurudiwa na ugonjwa mapema zaidi. Baadaye ikatengenezwa dawa ya kukishika kipokezi hicho na kupunguza amri zake. Inaitwa trastuzumab, nayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu.

Hata hivyo, dawa hii si ya kila mgonjwa. Ni ghali, inaweza kudhoofisha moyo, na hutolewa kwa mwenye HER2 nyingi. Bila kupima, daktari hawezi kujua ni nani ataisaidia.

Kwa hiyo, wewe au ndugu yako akikatwa kipande cha nyama ya uvimbe kwa uchunguzi, msiishie kuuliza, "Ni saratani au si saratani?" Ulizeni pia:

1. Je, kipande hicho kimepimwa HER2 na vipokezi vya homoni?
2. Je, ugonjwa umefika kwenye tezi za kwapani?
3. Kama dawa ya HER2 inahitajika, je, moyo utapimwa kwanza na wakati wa matibabu?

Yaombeni majibu kwa maandishi, myahifadhi pamoja na vyeti vya nyumbani.

Na wewe uliyegusa kivimbe ukanyamaza kwa sababu hakiumi, usingoje kiume. Mara nyingi saratani ya matiti haiumi mwanzoni, na seli zinazotafuta njia ya kutoka hazimsubiri mtu amalize mavuno au kulipa karo. Mweleze mume wako leo, mwende hospitali pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.