Masomo ya Fasihi Ng'ambo Yapimwe Ngara na Biharamulo

KILA ufikapo mwezi wa Juni, vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Marekani hufunga masomo ya kawaida na kuwafungulia wageni milango. Ni majira yao ya joto, nao huyatumia kuendesha kozi fupi za wiki nne, sita au nane. Fasihi haikosi kuwamo. Mjini Edinburgh, kwa mfano, vyuo vikuu vya Uskoti vilianzisha kozi ya namna hiyo tangu mwaka 1947. Walimu wetu wachache hubahatika kwenda kwenye masomo kama hayo, na kila mmoja wao anaporejea huulizwa swali moja, aghalabu kwa kejeli: wiki sita za kusoma mashairi ya watu wa mbali zitamfaa nini mtoto wa Rulenge au wa Nyakahura?

Swali hilo si la kubezwa. Wilaya za Ngara na Biharamulo ziko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Mwalimu wa lugha akiondoka, mara nyingi hakuna wa kushika chaki yake. Mzazi aliyeuza maharage ili kulipia daftari ana haki ya kujua mwalimu alikwenda kutafuta nini. Lakini wanaouliza kwa kejeli hukosea wanapodhani kwamba fasihi ya kigeni haina budi kumgeuza msomaji kuwa kasuku wa wageni. Historia ya Afrika Mashariki yaonyesha kinyume chake, ingawa si kwa kila aliyesafiri.

Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Julius Caezar. Hakuridhika nayo, akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo alitoa Mabepari wa Venisi. Msomaji na alitafakari jina hilo. Kichwa cha Kiingereza kinamtaja mfanyabiashara mmoja tu wa Venisi. Mwalimu hakuandika mfanyabiashara wala tajiri, bali aliandika mabepari, tena kwa wingi. Mtu aliyekuwa akitafakari unyonyaji nchini mwake aliisoma tamthilia ya zaidi ya karne 3 zilizopita akaona ndani yake jambo alilolijua. Huyo hakuwa kasuku hata kidogo.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye alisoma Leeds katika miaka ya 1960, na Taban lo Liyong alisoma Marekani. Mwaka 1968, wakiwa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Henry Owuor-Anyumba, walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika, ikiwa ni pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Ndiyo kusema, waliopelekwa kunywa kisimani kwa wenyewe walirudi wakitaka kisima kichimbwe nyumbani. (Okot p'Bitek wa Uganda alikwenda Uingereza kucheza mpira, akabaki kusoma, hatimaye akaandika kwa Kiacholi utungo ambao tafsiri yake ya Kiingereza, Song of Lawino, ilitoka mwaka 1966. Wakuu wa michezo wana haki ya kujivunia.)

Karibu zaidi nasi, ng'ambo ya Ziwa, kuna kisiwa cha Ukerewe. Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa huko, alisoma Makerere kisha Sorbonne, Paris. Riwaya yake ya kwanza, Village in Uhuru, iliyotoka mwaka 1969, ilikuwa ya Kiingereza. Baada ya hapo aligeukia Kiswahili, na mwaka 1978 ikatoka Uwike Usiwike Kutakucha. Lakini kazi yake ninayoiheshimu kuliko zote ni tafsiri. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945. Mswada huo ulikaa miaka 35 kabla ya kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata mzee akafariki dunia. Ruhumbika ndiye aliyeifasiri kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 2002. Mtu aliyesoma katika mojawapo ya vyuo vikongwe vya Ulaya alitumia elimu yake kumtumikia mzee wa kijijini kwao. Hicho ndicho kipimo ninachokitaka.

Yuko pia Euphrase Kezilahabi, naye wa Ukerewe, aliyepata shahada ya udaktari Wisconsin mwaka 1985. Nagona na Mzingile, alizozitoa baada ya hapo, huwatoa jasho walimu hadi leo. Wapo wanaosema kwamba Marekani ilimharibu. Mimi sikubaliani nao: aliyeandika Rosa Mistika mwaka 1971 na kuikuta ikizuiwa mashuleni hakuhitaji kwenda ng'ambo ili ajifunze kuwasumbua watu.

Kwa upande mwingine, si lazima mtu apande ndege. Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera, aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya tendi za enanga za Wahaya katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986. Basi kinachotenganisha safari yenye tija na matembezi ni kitu alichobeba msafiri alipoondoka. Aliyekwenda mikono mitupu hurudi na picha, lafudhi na cheti cha kuning'iniza ukutani.

Hapa ndipo Ngara na Biharamulo zinapoingia. Ngara ni nchi ya Kihangaza na Kishubi. Biharamulo ina Kisubi na Kizinza, pamoja na Kisukuma na Kihaya za majirani na wahamiaji. Ngano, vitendawili, majigambo na nyimbo za mavuno zimo vichwani mwa wazee, na kila msiba unaondoka na sehemu yake. Isitoshe, yako masimulizi mapya. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Watoto wa Ngara waliokuwa darasa la saba mwaka ule sasa wamepita miaka 40. Waliona kuni zikiisha na visima vikikauka, waliona watu wakizikwa, na waliona wazazi wao wakigawana chakula na wageni. Wageni wamekwisha kuandika ripoti nyingi juu ya siku zile. Riwaya ya Kiswahili ya mwana wa Ngara juu yake sijaiona mezani pa mwalimu yeyote.

Mwalimu mmoja wa sekondari katika mojawapo ya wilaya hizi, ambaye sitamtaja, alisoma fasihi ng'ambo kwa wiki sita. Aliniambia kwamba siku moja mkufunzi alimtaka kila mshiriki asimulie ngano ya kwao kwa lugha ya kwao, kisha aeleze kwa nini imejengwa hivyo. Aliporudi aliwatuma wanafunzi wake wakati wa likizo waende kwa bibi na babu zao na daftari. Walirudi na ngano, na kwa mara ya kwanza, asema, darasa lake lilibishana juu ya mhusika bila kukariri maelezo ya kitabu. Kabla mwaka haujaisha akahamishiwa mkoa mwingine, kwenye kazi ya ofisi. Aliyemfuata alipewa kabati lakini hakupewa maelezo yoyote.

Kwa hiyo nasema hivi. Mwalimu anayepata nafasi ya kwenda kusoma fasihi ng'ambo aondoke akiwa amekusanya walau masimulizi ya mzee mmoja wa eneo lake, na akirudi aachwe kituoni pake kwa miaka mitatu. Katika likizo ya kwanza akutane na wenzake kwenye kituo cha walimu, wasikilize alichojifunza na wamkosoe. Gharama yake ni nauli ya walimu ndani ya wilaya na chai. Waajiri wakisema hata hiyo hawana, basi nafasi yenyewe apewe mwalimu ambaye wako tayari kumwacha darasani.

Madaftari ya wanafunzi wale bado yapo, ndani ya sanduku la bati nyumbani kwa mwalimu. Nimeyaona, ni 41. Panya wameanza kula pembe, na baadhi ya wazee waliosimulia wamekwisha kuzikwa.