MAMBO YA ARDHI: Kiwanja Kitupu Si Shamba

Nyumba haijengwi hewani. Kabla ya matofali, mabati na misumari kutafutwa, sharti kiwanja kiwepo. Na mahali ambapo viwanja vimeshikwa na watu wasiovitumia, nyumba huwa chache na malipo ya kupanga hupanda, ijapokuwa ardhi yaonekana imelala wazi. Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini huko Navakholo, katika Kaunti ya Kakamega, ambako soko linakua katikati ya mashamba ya mahindi na miwa.

Kakamega si nchi yenye nafasi kubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa kaunti hiyo ilikuwa na watu 1,867,579, yaani zaidi ya watu 600 katika kila kilomita moja ya mraba. Kama ardhi yote ingegawanywa sawasawa, bila kuacha mto, msitu wala barabara, kila ekari moja ingekuwa na watu wapatao wawili na nusu. Kwa desturi ya Waluhya, kijana wa kiume akifikia umri hujenga nyumba yake katika boma la baba yake. Hivyo, katika kila kizazi nyumba huongezeka na mahali pa kulima hupungua.

Lakini wako wengine wasio na boma la baba mahali hapo. Navakholo ilikatwa kutoka Lurambi ikawa jimbo la uchaguzi peke yake kwa uchaguzi wa mwaka 2013. Mahali panapokua namna hiyo huhitaji walimu, wauguzi, polisi na makarani, na hao hutafuta vyumba vya kupanga. Mtu anunuapo kiwanja kando ya barabara itokayo Kakamega kupitia Ingotse, akakizungushia ua na kungoja bei ipande, yeye hapati hasara. Hasara huwapata wapangaji, na huupata umma, kwa maana barabara na nyaya za umeme zilizogharimiwa na wote hupita mbele ya majani matupu.

Ndipo huja shauri la kodi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 209, imezipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na majengo, na mwaka 2024 ikatungwa sheria mpya ya nchi nzima juu ya kodi hiyo. Nairobi kwa miaka mingi ilitoza kodi kwa thamani ya ardhi peke yake, bila kuhesabu jengo lililo juu yake. Mwenye ghorofa na mwenye kiwanja kitupu cha thamani ile ile walitozwa sawa. Busara yake iko wazi: ajengaye haadhibiwi kwa kujenga, na asiyejenga haachiliwi. Kinyume chake kilionekana mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni ilipotoza kodi kwa kuhesabu vibanda. Watu walisongamana katika vibanda vichache ili kodi ipungue.

Hata hivyo, kodi njema ikipelekwa mahali pasipopimwa hugeuka kuwa dhuluma. Shamba lililopumzishwa msimu mmoja laweza kuonekana tupu, kumbe mwenyewe anairudishia ardhi nguvu. Aliyepanda miwa hungoja mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kuona fedha. Mjane mwenye ekari moja akitozwa kama mfanyabiashara aliyeficha viwanja vinne madukani, atauza sehemu ya shamba ili alipe, na anunuaye huenda akawa ni yule yule mfanyabiashara. Kodi iliyokusudiwa kuwapatia watu makao itakuwa imewaondoa katika makao.

Kwa hiyo mpango lazima utangulie kodi. Sheria ya mwaka 2019 juu ya mipango ya matumizi ya ardhi imeziweka kaunti katika wajibu wa kuandaa mipango hiyo, na hutaka kila ajengaye apate kibali. Mstari wa mpaka kati ya soko na shamba ukichorwa, kila mtu atajua yuko upande gani. Wananchi nao wana haki ya kuuona mchoro na kutoa maoni, na yafaa wahudhurie baraza wakati mstari haujakauka, si baada ya hati ya madai kufika mlangoni.

Kuna kazi nyingine iliyo mikononi mwa jamaa wenyewe. Mashamba mengi ya magharibi ya Kenya yangali yameandikwa kwa jina la babu aliyekwisha kufariki, na urithi haujapelekwa mahakamani. Hati ya kodi ikija kwa jina la marehemu, nani ataipokea, na nani atakwenda kupinga hesabu isiyo ya haki? Deni litaongezeka kimya kimya juu ya ardhi ya watoto.

Basi mpaka uchorwe, majina yasahihishwe, kisha kodi itozwe kwa viwanja vilivyolala ndani ya soko, na fedha zake zionekane katika mitaro na maji ya soko lile lile. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mali inayohitaji daftari kuliko ardhi.