Kidonda Kufunga si Kupona

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, mtoto aliyeungua husemwa kuwa "amepona" pindi kidonda chake kinapofunga. Kama mwanaisimu, sina ugomvi na neno hilo. Ugomvi wangu unatokana na mkono wa mtoto.

Kovu la moto huendelea kukaza na kujivuta kwa miezi mingi, aghalabu mwaka mzima au zaidi. Likiwa juu ya kiungo, huvikunja vidole vikagusa kiganja, au hukivuta kidevu kuelekea kifuani. Ndiyo maana wataalamu husisitiza mkono ufungwe gango ukiwa umenyooka, ufanyishwe mazoezi kila siku, na kovu libanwe kwa nguo maalumu. Yakikosekana hayo, hubaki upasuaji: kovu hukatwa ili kiungo kifunguke, kisha ngozi iliyotolewa kwingine, kama vile pajani, hupandikizwa hapo.

Haya niliyajua kwa kuchelewa. Nilipokuwa mwalimu wa sekondari, mwanafunzi wangu mmoja hakuwahi kuandika insha iliyozidi nusu ukurasa. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Hakunijibu; alikunja tu sweta akanionyesha mkono wa kulia uliomwagikiwa uji moto utotoni. Wenzake walikuwa wamekwisha kumbandika jina la "Kovu", nami, mtu wa lugha, sikuwa nimelisikia.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, daktari Archibald McIndoe aliwapasua huko East Grinstead, Uingereza, wanahewa walioungua nyuso na mikono. Aliwasihi pia wenyeji wa mji wawakaribishe bila kuwakodolea macho. Mwaka 1941 wagonjwa hao waliunda chama, wakakiita kwa mzaha Guinea Pig Club, yaani cha wanyama wa majaribio. Jina hilo, tofauti na "Kovu", walijichagulia wenyewe. McIndoe huyo huyo, pamoja na Michael Wood na Tom Rees, ndiye aliyeasisi mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege iliyokuja kuitwa AMREF, yenye makao Nairobi. Ujuzi huu basi si mgeni kwetu.

Walimu wenzangu, mtoto aliyeungua akirejea shuleni, tusimwulize kama amepona. Tumwite faraghani, akunje ngumi kisha aifungue. Akishindwa, mzazi aelekezwe hospitalini, hata kama miaka imepita.

Mwanafunzi wangu alipasuliwa akiwa kidato cha tatu. Vidole vitatu vilifunguka. Cha nne kilikataa. Insha yake iliyofuata ilijaza kurasa mbili, kwa hati mbaya ajabu. Niliisoma yote.