Mapenzi Matupu Hayachapi Jarida

Wapo wanaodhani kwamba kumpenda mwandishi wa vitabu vya watoto ni mchezo wa utotoni, na kwamba mtu akishabaleghe hana budi kuuacha pamoja na tiara na gololi zake. Dhana hiyo ina kasoro kubwa. Kitabu cha mwanzo alichokipenda mtoto ndicho kilichomfundisha kusoma kwa hiari yake, na nchi isiyokuwa na wasomaji wa hiari hubaki na wasomaji wa mitihani tu. Kwa hivyo, suala la nani atamtunza mwandishi wa watoto baada ya kufa kwake ni suala la elimu, na linawahusu wananchi na viongozi wao sawasawa.

Tuutazame mfano mmoja wa Marekani. Mwaka 1900 kilichapishwa mjini Chicago kitabu cha L. Frank Baum kiitwacho The Wonderful Wizard of Oz, hadithi ya msichana Dorothy aliyechukuliwa na kimbunga hadi nchi ya ajabu ya Oz. Baum aliandika vitabu 14 vya nchi hiyo. Alifariki mwaka 1919, na cha mwisho kikatoka mwaka uliofuata. Watoto walivipenda, lakini si wakubwa wote wa maktaba waliokuwa pamoja nao. Mwaka 1957 mkuu wa maktaba ya umma ya Detroit alisema hadharani kwamba vitabu hivyo havina thamani, na watoto hawakuvikuta katika chumba chao cha kusomea. Mwaka 1959 mkutubi mkuu wa jimbo la Florida akavitia katika orodha ya vitabu visivyofaa kununuliwa wala kupokewa hata kwa zawadi.

Mwaka huo huo wa 1957 mvulana wa New York, mwenye umri wa miaka 13, aliwakusanya wapenzi wenzake wa Oz. Walitimia 16, wakaunda chama, na chama kikatoa jarida lililoitwa The Baum Bugle, yaani Tarumbeta ya Baum. Matoleo ya mwanzo yalirudufiwa kwa stensili, kama zilivyokuwa zikirudufiwa risala na kumbukumbu za mikutano yetu. Mkutubi wa Detroit amekwishapita pamoja na hukumu yake. Jarida lile la stensili lingalipo, na hutoka mara tatu kwa mwaka.

Ni kitu gani kilicholiweka hai? Si mapenzi peke yake, maana mapenzi matupu hayanunui karatasi wala hayalipi stempu. Kwanza, mwanachama hulipa ada, na jarida ni haki yake kwa ada ile. Hapo mhariri huwa na deni kwa watu anaowajua, na deni humwamsha mtu kuliko sifa. Pili, kazi haikufungwa kwa mtu mmoja. Kijana aliyeanzisha alikua, akawa na shughuli zake, na kiti cha uhariri kikapita mkono hadi mkono. Majarida mengi ya namna hii hufa siku mwanzilishi anapochoka, kwa sababu funguo zote alikuwa nazo yeye: orodha ya wanachama, hesabu, na hata nakala za zamani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, jarida halikutosheka na kusifu. Limejishughulisha na maisha ya mwandishi, wachoraji wake, wachapishaji wake na matoleo ya vitabu vyake, hata mtafiti akaona ana haja nalo.

Hapo ndipo lilipo jaribio zito la jarida lolote la wapenzi. Kabla ya Oz, Baum alikuwa mhariri wa gazeti dogo huko Dakota Kusini. Mwezi Desemba 1890, na tena Januari 1891 baada ya mauaji ya Wounded Knee, aliandika tahariri za kutaka wenyeji wa asili wa nchi ile waangamizwe wasibaki. Maneno hayo ni ya kikatili, na hayana udhuru. Mwaka 2006 baadhi ya wazao wake waliwaomba radhi watu wa kabila la Sioux. Kumpenda mwandishi hakumpi mhariri ruhusa ya kuficha jambo kama hilo. Jarida linaloficha hugeuka kasida, na siku msomaji atakapoupata ukweli kwingine, hataliamini tena hata linaposema kweli.

Nasi wa visiwa hivi tuna la kujifunza. Walimu wa Unguja walikuwa na Mazungumzo ya Walimu tangu miaka ya 1920. Leo anayetaka kuyasoma hana budi kuyatafuta katika nyaraka. Katika shindano la uandishi la 1957 na 1958, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipata tuzo kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960. Bwana Msa hakuandikiwa watoto wadogo, lakini vijana wangapi wa shule hawakumfuata na kiko chake hadi ukurasa wa mwisho? Mwandishi huyo alifariki mwaka 1991. Wapenzi wake wakitaka kumtolea jarida, wasingoje fedha nyingi. Waanze na watu 16, ada ndogo inayolipwa kweli, daftari linaloonekana na kila mwanachama, na ahadi ya matoleo machache yasiyokosa. Kila toleo lipelekwe nakala maktaba na katika nyaraka siku linapotoka.

Kwa upande wao, maofisa wana wajibu wao, nao una mipaka. Wasajili chama bila kukizungusha, wapokee nakala na kuzihifadhi, na shule zilipie nakala zinazozihitaji. Wasikichukue chama kukifanya idara ya ofisi zao, kwani chama cha wapenzi kikishageuzwa idara, wapenzi huondoka na mafaili ndiyo yanayobaki. Kujitegemea, tulikokuhubiri miaka mingi katika mashamba na viwanda, kunafaa vilevile katika kurasa za jarida. Detroit ofisi ilikosea na watoto wakawa na haki. Ofisi yenye busara hujifunza hapo kuwapisha njia wasomaji.