Mtoto anaugua kwenye vakansi, wakubwa wanatafuta rezo

KATOTO, KAMINA. Shule zikifunga mwanzoni mwa mwezi wa saba, watoto wa Kamina wanasambazwa kila upande kama barua. Huyu anaenda kwa kambo yake Bukama, yule kwa mama mdogo Lubumbashi, mwingine anashuka hadi Kinkondja kwa baba mdogo mvuvi. Wa Lubumbashi na Likasi nao wanapanda treni ya SNCC, siku ambayo treni iko, ama lori, siku ambayo treni haiko, wanakuja kupumzika Katoto. Hiyo ndiyo vakansi ya familia nyingi za hapa. Hakuna hoteli kando ya bahari, wala daktari wa kuitwa chumbani. Kuna mkeka, sahani moja ya bukari kwa watoto sita, na furaha ambayo mtoto ataihadithia darasani mpaka Noeli.

Siku ya safari kila kitu kinazungumzwa: nguo, viatu, unga wa kupelekea wazee, kilo mbili za sukari. Jambo moja tu halizungumzwi. Mtoto akiugua kule, nani ataamua apelekwe hospitali, na nani atalipa?

Matokeo yake yanajulikana katika kila mtaa. Homa inaanza usiku. Tantine anamgusa mtoto kwenye paji la uso, anampa nusu ya paracetamol, anamfunika. Asubuhi mtoto hataki chai. Hapo maneno yanaanza: "Tumwite kwanza baba yake." Mtu anapanda juu ya kichuguu kutafuta rezo. Baba hapokei, yuko kazini, ama simu yake haina moto. Saa nane mchana anapokea, anasema atatuma kitu kesho. Jua linazama, mtoto yuko palepale mkekani, na kituo cha afya kiko mwendo wa nusu saa kwa kinga.

Ni rahisi kumwita tantine huyo mzembe. Wanaosema hivyo hawajawahi kulea mtoto wa mwenzao. Mtoto wa vakansi ni yai la mtu. Tantine akimpeleka hospitali na mambo yakaharibika, ataulizwa: "Ulimpa damu kwa ruhusa ya nani?" Akimbakiza nyumbani na mambo yakaharibika, ataulizwa alimlisha nini. Na kila mtu Kamina anajua swali hilo linaelekea wapi. Kuna wamama na wazee waliofukuzwa kwao kwa neno la ulozi, kwa sababu tu mtoto wa ndugu aliugulia katika nyumba yao. Basi tantine anapotafuta rezo juu ya kichuguu, sehemu moja anatafuta franga, na sehemu nyingine anatafuta shahidi.

Shida ni kwamba malaria ya huku, ile inayoitwa falciparum, haingoji shahidi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linaeleza kwamba isipotibiwa inaweza kugeuka kali na kuua ndani ya saa 24. Watoto wenye umri chini ya miaka 5 ndio wanaokufa zaidi. Na anayetoka Kamina kwenda Bukama au Kinkondja anashuka mamia ya mita, kutoka baridi ya mwezi wa saba mpaka bonde la Upemba lenye joto, maziwa na vinamasi. Chandarua alichokizoea kimebaki nyumbani. Kule wanalala watoto watano katika chumba kimoja, na mgeni ndiye anayelala pembeni.

Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila anachopewa, anayetetemeka kwa degedege, anayelala bila kuamka vizuri, anayepumua kwa nguvu, huyo hahitaji simu ya baba. Anahitaji kinga, pikipiki, ama mgongo wa mtu. Hata homa ya kawaida, bila dalili hizo, inastahili kipimo cha haraka siku hiyohiyo: tone moja la damu kidoleni, majibu baada ya dakika 15 au 20. Ni muda mfupi kuliko ule wa kupanda kichuguu na kushuka.

Sasa franga. Vipimo vya haraka na vidonge vya malaria vinavyoletwa na programu ya taifa, PNLP, havipaswi kuuzwa katika vituo vya serikali. Lakini mtu haingii kituoni akatoka na vidonge tu. Kuna fishi, kuna kitanda, kuna seramu, kuna laboratuari, na ikifika kwenye damu kuna hesabu nyingine tena. Ni lazima kusema ukweli kwa upande wa waganga pia: wengi hawapati mshahara wa serikali, na kituo kinaishi kwa kile wagonjwa wanacholipa. Ndiyo maana swali la kwanza kwenye resepsioni mara nyingi ni "mmekuja na nani?", maana yake ni nani atakayelipa. Kwa mtoto wa vakansi, jibu ni "wazazi wake wako mbali". Jibu hilo halimfurahishi mhasibu.

Tangu mwezi wa tisa 2023 watu wanasikia habari za afya kwa wote, na kwamba kuzaa ni bure, mpango ulioanzia Kinshasa. Ni jambo jema. Lakini huo ni mpango wa mama anayezaa na mtoto mchanga. Mtoto wa miaka 6 mwenye homa kwa kambo yake hamo.

Katiba ya nchi, katika kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Sheria ya makosa ya jinai nayo inamwadhibu anayeacha kwa makusudi kumsaidia mtu aliye hatarini. Kwa hiyo mtoto anayetetemeka kwa degedege mlangoni mwa kituo atibiwe kwanza, na jina la anayelipa litafutwe baadaye. Zaidi ya hapo, kumshikilia mtoto aliyepona wiki nzima katika wodi kwa sababu bili haijalipwa ni kuongeza bili, kumnyima mgonjwa mwingine kitanda, na kumfundisha tantine kwamba mwaka ujao asije kabisa. Wakuu wa maeneo ya afya wa Haut-Lomami wanajua desturi hiyo ipo. Wanaweza kuanza kwa kukataza angalau watoto wasiguswe nayo. Deni lipo, anayedaiwa ana jina, ana chifu, ana mtaa. Aandike, alipe kidogo kidogo.

Hata hivyo, kungoja serikali ni kama kungoja treni. Familia zina sehemu yao, na sehemu hiyo haina gharama kubwa.

Kamina ni mji wa reli, na wazee wa reli wanajua kitu kinachoitwa boni: karatasi ya mwajiri inayosema mtu huyu na watoto wake watibiwe. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 bado inamlazimisha mwajiri kumtibu mfanyakazi wake na familia anayoitunza, na aliye na haki hiyo aidai kabla mtoto hajasafiri, maana mshahara uliochelewa haufuti haki hiyo. Lakini wazazi wengi wa Katoto wanauza sokoni, wanalima, wanaendesha pikipiki. Hawana mwajiri wa kuwaandikia boni. Basi waiandike wenyewe.

Karatasi moja ya daftari inatosha. Jina la mtoto, umri wake, uzito wake kama unajulikana, dawa inayomdhuru, chanjo alizopata, kundi lake la damu kama alishawahi kupimwa. Kisha neno lenyewe: "Sisi wazazi tunamruhusu fulani kumpeleka mtoto wetu hospitali na kukubali matibabu, hata kuongezewa damu, bila kutungoja." Baba na mama wote wawili watie sahihi, maana katika familia nyingi ugomvi hautoki kwa baba, unatoka upande wa mama, au kinyume chake. Kama dini ya familia ina neno lake juu ya damu, liandikwe pia, lisije kubishaniwa mbele ya kitanda. Karatasi hiyo inamsaidia muganga. Lakini zaidi inamlinda tantine. Siku ya maneno, anayo mkononi.

Kuna watakaosema kuandika hivyo ni kumwitia mtoto ugonjwa. Wazazi haohao wanamnunulia chandarua, na hakuna anayesema chandarua kinaita mbu.

Franga nazo zisafiri na mtoto. Si zile za sukari. Kiasi kidogo kwenye M-Pesa au Airtel Money ya yule atakayekaa na mtoto, si ya baba mkubwa anayeishi mtaa mwingine, na kila mmoja ajue ni za ugonjwa peke yake. Vakansi ikiisha salama, zitalipia daftari za mwezi wa tisa. Familia yenye watoto wanne inaweza kuona hiyo ni mzigo. Basi watume wawili mwaka huu, wawili mwaka ujao. Ni neno gumu kwa watu wa huku, ambao mlango wao haujawahi kuhesabu wageni, lakini kumpeleka mtoto kwa kambo bila chochote ni kumpa mzee mzigo ambao hawezi kuukataa.

Kuhusu damu, kuna jambo ambalo wengi wanalijua wakiwa wamechelewa. Malaria kali inamaliza damu ya mtoto, na hospitali mara nyingi inaomba ndugu waje kutoa. Nyumbani kuna baba, mama, yaya. Kwenye vakansi kuna mjomba mmoja anayeogopa sindano. Wakubwa wa familia wazungumze mapema ni nani kule atatoa damu ikihitajika. Mtoto wa SS ndiye wa kuangaliwa zaidi: uchovu wa safari, kiu, baridi ya usiku, kucheza mtoni asubuhi, kila kimoja kinaweza kumwanzishia maumivu. Wazazi wengi wanaficha SS kwa aibu. Mtoto wa SS kusafiri si kosa, lakini anayempokea lazima ajue.

Upande wa ziwa na mto Lualaba, kuanzia Bukama mpaka Kinkondja, Malemba-Nkulu na Mulongo, kuna pia kolera, inayorudi mara kwa mara. Mtoto wa mjini anafika, anakunywa maji ya ziwa kama wenzake. Kolera inaweza kuanza ndani ya saa chache ama siku 5: kuhara maji meupe kama ya mchele, kutapika, macho kuingia ndani. Huyo anapewa kinywaji njiani wakati anapelekwa, si baada ya kufika. Kama pakiti ya sero haipo, ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kile kilo cha sukari cha kambo kina kazi yake.

Halafu kuna ugonjwa unaorudi na mtoto. Malaria inachukua kwa kawaida siku 7 mpaka 14, au zaidi, tangu mbu aume mpaka homa itokee. Mtoto aliyeumwa na mbu Kinkondja mwishoni mwa mwezi wa nane anaweza kuanza joto Katoto, akiwa tayari darasani. Mwalimu anafikiri ni uvivu, mama anafikiri ni uchovu wa safari. Kituoni mama anaulizwa mtoto anaumwa tangu lini, naye anasema tangu jana. Aongeze mwenyewe, hata asipoulizwa: alikuwa ziwani, alirudi siku fulani.

Siku ya kutoa matokeo, wazazi wote wanakuwa uwanjani mwa shule, hata wale wasiokuja kwenye mkutano wowote mwaka mzima. Mkuu wa shule ana maikrofoni mkononi. Infirmie wa kituo cha karibu akialikwa kusema dakika 5 juu ya karatasi hiyo, kabla ya kuitwa wa kwanza wa darasa, atasikilizwa. Akiwekwa baada ya hapo, uwanja utakuwa umeshabaki mtupu.