Chaja ya wati ngapi yafaa simu yako?



Mwezi huu naomba tuache kidogo habari za lishe na chanjo, tuzungumze juu ya kitu ambacho karibu kila nyumba inacho na watu wanakigombania sebuleni kila jioni: chaja ya simu. Swali limeletwa na mama mmoja baada ya kikao chetu cha Alhamisi. Mume wake amenunua chaja mpya iliyoandikwa wati 65. Simu ya huyu mama ilikuja na chaja ya wati 15, ambayo imekwisha kuharibika. Jirani akamwonya kwamba akithubutu kutumia hiyo kubwa, simu italipuka. Basi akaiacha kabatini, akaendelea na chaja ndogo aliyoinunua barabarani kwa shilingi elfu tatu. Hiyo ndogo huchukua usiku kucha kuijaza simu. Na kwa kuwa soketi iko karibu na kitanda, simu hulala pale pale, kati yake na mtoto wa miezi minane.

Nilipomsikiliza niliona kwamba anaiogopa ile chaja isiyo na kosa, na analala na ile ya kuogopwa. Wala hayuko peke yake.

Hebu tuanze na hizo wati. Wati ni kipimo cha nguvu ya umeme ambayo chaja inaweza kutoa, nazo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Sisi wauguzi tuna mfano wake wodini. Chupa ya dripu ikitundikwa juu zaidi, maji husukumwa kwa nguvu zaidi; hizo ni kama volti. Mrija ukiwa mpana, maji mengi hupita kwa wakati mmoja. Hizo ni kama ampea. Sasa chukua chaja yako uyasome yale maandishi madogo madogo, na mwenye miwani aivae. Mstari wenye neno INPUT unaeleza umeme unaoingia kutoka ukutani, kwa kawaida volti 100 hadi 240, na umeme wetu umo humo. Mstari wenye neno OUTPUT ndio unaotuhusu. Ukikuta 5V na 2A, hizo ni wati 10. Ukikuta 9V na 2A, ni wati 18. Na 20V kwa 3.25A ni wati 65, kama ile ya kabatini.

Lakini hizo 65 ni kikomo cha kinachoweza kutolewa, si kipimo ambacho simu italazimishwa kumeza. Ukisonga ugali wa sufuria kubwa, mtoto wako hali zaidi ya anavyoshiba kwa sababu tu sufuria ni kubwa. Simu nayo ina mlinzi wake ndani, yaani saketi inayopima umeme unaoingia kwenye betri. Chaja halisi za siku hizi huanza kwa kutoa volti 5 tu, ambazo kila simu inazipokea. Halafu simu na chaja husemezana kupitia waya: simu inataja inachotaka, chaja inasema kama inacho. Simu isipoomba zaidi, chaja inabaki pale pale kwenye volti 5. Kwa hiyo simu ya wati 15 ikiunganishwa na chaja halisi ya wati 65 itachukua 15 zake, au pungufu, basi. Hata chaja ya laptopu yenye tundu la Taipu C inaweza kuchaji simu bila kuidhuru.

Wengine wataniuliza: je, kubwa haitamaliza umeme wa LUKU? La. Betri ya simu ya mAh 5,000, ambazo ndizo nyingi sasa, inabeba kama wati-saa 19. Hata tukihesabu umeme unaopotea njiani kama joto, uniti moja inatosha kuijaza simu hiyo mara 40 hivi. Chaja kubwa haiongezi mahitaji ya betri. Inaifikisha mapema tu.

Na hapo kwenye mapema ndipo penye maana kwa mama. Chukua siku umeme umekatika tangu asubuhi, umerudi nusu saa, ukakatika tena. Simu inayokubali wati 25, ikiwa na chaja ya wati 25, inaweza kupata karibu nusu ya betri katika nusu saa hiyo. Simu hiyo hiyo kwenye chaja ya wati 5 itapata kama sehemu moja ya kumi. Mama mwenye mimba ya wiki 38, anayehitaji kumpigia dereva usiku wa manane, aone mwenyewe tofauti ya hiyo. Mimi huwaambia wajawazito wangu kwamba simu yenye chaji ni sehemu ya maandalizi ya kujifungua, kama kanga safi na nauli.

Kwa hiyo kununua wati chache mno ni hasara ya muda. Kununua nyingi mno ni hasara ya fedha tu: simu inayokubali wati 18 haitajaa haraka zaidi kwa chaja ya wati 100. Tafuta wati za simu yako kwenye kijitabu chake, au mwulize fundi ukimtajia jina kamili la simu, maana simu za kampuni moja hutofautiana. Galaxy S24 ya mwaka 2024 inakubali wati 25, lakini dada yake S24 Ultra inakubali 45. Ukiletewa simu na ndugu aliye Ulaya, tazama boksi. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka simu mpya ziwe na tundu la Taipu C, na ziwe na kialama chenye tarakimu mbili za wati: ndogo ni kiwango cha chini ambacho chaja inatakiwa kutoa, kubwa ni kile kinachoipa simu kasi yake yote. Pakiwa na picha ya chaja iliyokatwa kwa mstari, ujue ndani hamna chaja. Si kwamba ndugu yako ameichukua! Apple waliacha kuweka kichwa cha chaja kwenye maboksi mwaka 2020, na wengine wakafuata.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Chaja na simu lazima zijue lugha moja. Lugha ya wote inaitwa Power Delivery, kwa kifupi PD, na simu nyingi za Samsung huhitaji pia PPS ili zipate kasi yake ya juu. Lakini kampuni nyingine zina lugha ya nyumbani kwao. OPPO wana VOOC tangu mwaka 2014, inayotumia volti chache na ampea nyingi, na huhitaji kichwa chake na waya wake. Simu ya namna hiyo ukiiweka kwenye chaja ya mgeni inaweza kuchaji polepole hata kama chaja imeandikwa 65. Haijaharibika, hawaelewani tu. Na waya nao unahusika: ule mwembamba uliochoka hupunguza kila kitu, hata kichwa kikiwa kizuri.

Sasa nije kwenye ile chaja ya elfu tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kazi ya kwanza ya chaja si kutoa wati. Ni kutenganisha umeme wa ukutani, wa volti 230, na waya unaoshikwa na mwanao. Katika chaja halisi sehemu hizo mbili zimeachana kwa nafasi na vizuizi vizuri. Katika chaja bandia nafasi hiyo imebanwa na vizuizi ni hafifu, na vikishindwa, umeme wa ukutani unafika kwenye ncha ya waya. Mwaka 2016 shirika la upimaji la UL lilipima chaja 400 za bandia zilizojifanya za Apple. Zilizofaulu ni 3 tu, na 12 zilionekana zinaweza kuua mtu kwa umeme. Zote hizo zilikuwa chaja ndogo. Wati chache si usalama.

Bandia unaweza kuishuku. Ni nyepesi mkononi kuliko halisi. Maandishi yake yana makosa. Miguu ya plagi inalegea. Na njia ninayoipenda zaidi ni hesabu: juu pameandikwa kwa mbwembwe wati 65, lakini chini kwenye OUTPUT hakuna ila 5V na 2A. Mara tano kwa mbili ni kumi, hata mtoto wa darasa la pili atakwambia. Chaja inayodanganya kwa jambo linaloonekana, siiamini kwa lile lisiloonekana. Nunua dukani kwa mtu utakayemkuta kesho, udai risiti.

Hata chaja nzuri haina kazi kitandani. Kuchaji huleta joto, na kasi ikiwa kubwa joto huongezeka. Mezani joto hilo huondoka na hewa. Chini ya mto au blanketi halina pa kwenda. Betri huchakaa mapema, na likizidi sana nguo zinaweza kushika moto. Mwaka 2019 madaktari wa Michigan, Marekani, waliandika habari za msichana wa miaka 19 aliyelala na chaja chini ya mto, chaja ambayo haikuwa ya kampuni ya simu yake. Mkufu wake uligusana na chaja, akaungua shingo kuizunguka yote. Kwa hiyo simu ichajiwe mezani au juu ya kabati, mbali na pazia. Na ukiwa na chaja yenye wati zinazoifaa simu, huna sababu ya kuiacha usiku kucha: iweke wakati unapika, itoe mnapokula. Ikishapita asilimia 80 hupunguza mwendo yenyewe ili kuilinda betri, usidhani chaja imeharibika.

Wenye watoto wanaotambaa, msiache waya ukining'inia kwenye soketi baada ya kutoa simu. Kila kitu chao huishia kinywani, na mate hupitisha umeme. Chomoa kichwa, weka juu. Mtoto akinaswa na umeme, zima swichi kuu kwanza. Usipoweza kuzima, usimshike kwa mikono. Msukume atoke kwa ufagio mkavu wa mti huku umesimama mahali pakavu. Kama hapumui, anza kumpa pumzi na kumkandamiza kifua ikiwa umefundishwa, na mwingine aite msaada. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya bomba dakika 20, si dawa ya meno wala siagi. Halafu mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama alama ni ndogo kama punje ya hindi, maana umeme huunguza ndani kuliko unavyoonyesha nje.