Helikopta za jeshi zibebe pia mgonjwa wa kijijini

Aprili 18, 2024 Kenya ilimpoteza Mkuu wa Majeshi yake, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wanajeshi wengine tisa, baada ya helikopta waliyopanda kuanguka katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Watu wawili walinusurika. Helikopta hiyo ilikuwa aina ya Huey, na hapa kwetu Uganda nilisikia wengi wakiuliza inakuwaje jenerali asafirishwe kwa chombo kilichobuniwa miaka ya 1950.

Swali hilo ni la haki, lakini kwa maoni yangu limeegemea upande mmoja. Umri wa muundo si sawa na umri wa chombo. Huey nyingi zimefunguliwa hadi mifupa, zikawekewa injini na vipuri vipya, na kurudishwa kazini. Swali ambalo hatuliulizi ni hili: chombo hiki kilibuniwa kwa kazi gani, na sisi tunakitumia kwa kazi gani?

Tuanze na historia. Katika vita vya Korea, kati ya 1950 na 1953, Wamarekani walitumia helikopta ndogo kuwaondoa majeruhi vitani. Ndani hamkuwa na nafasi ya kumlaza mtu, hivyo majeruhi alifungwa kwenye machela nje ya helikopta, juu ya miguu yake. Njia nzima hakuna aliyeweza kumziba damu. Wapo waliofika wakiwa maiti.

Jeshi la Marekani likataka helikopta itakayombeba majeruhi ndani, na mwaka 1955 likaichagua kampuni ya Bell. Ya majaribio iliruka Oktoba 1956. Siri yake ilikuwa injini ya tabo, nyepesi na yenye nguvu kuliko injini za pistoni za wakati huo. Kwa kuwa injini ilikaa juu, nyuma ya panga kuu, sehemu ya chini ilibaki wazi kama chumba. Machela yakaingia, na mhudumu wa afya akapata mahali pa kukaa kando ya mgonjwa. Toleo refu lililofuata liliweza kubeba machela sita. Jina rasmi lilikuwa Iroquois, lakini askari waliisoma alama yake ya HU-1 wakaiita Huey, na jina hilo likabaki hata alama ilipogeuzwa kuwa UH-1 mwaka 1962.

Kisha ikaja Vietnam. Chumba kile kile kilichotengenezwa kwa ajili ya machela kikajazwa askari wenye bunduki, na pembeni yakafungwa makombora. Takriban Huey 7,000 zilitumika katika vita hivyo, na zaidi ya 3,000 ziliangamia. Hata hivyo vikosi vya wagonjwa havikuacha kuruka, na askari wengi walirudi makwao wazima kwa sababu helikopta iliwafikisha kwa daktari kabla damu haijawaishia.

Jambo ninalotaka msomaji alishike zaidi lilitokea nje ya vita. Mwaka 1970, Vietnam ikiendelea kuwaka, jeshi la Marekani lilianzisha mpango huko San Antonio, Texas, wa kutumia helikopta zake kuwaokoa raia waliopata ajali za barabarani. Hazikununuliwa helikopta mpya. Zilitumika zile zile za jeshi, na marubani wale wale. Ujerumani nayo, kwa miaka mingi, Huey za jeshi lake ziliitikia wito wa raia, mpaka zilipostaafu mwaka 2021. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilikwisha kuziaga za kwake mwaka 2016.

Sasa turudi nyumbani. Uganda nayo ilipokea Huey kutoka Marekani kwa ajili ya operesheni za Somalia. Sina ugomvi na hilo. Askari wetu aliyejeruhiwa anastahili kufikishwa hospitali haraka. Lakini mama aliyeshikwa na uchungu katika milima ya Kigezi bado hubebwa kwenye engozi, machela ya kienyeji, na wanaume wanaopokezana mabegani wakishuka mlima. Maporomoko yalipowafukia watu wa Bududa Machi 2010, waokoaji walipanda kwa miguu.

Najua nitakachoambiwa. Helikopta ni ghali, saa moja ya kuruka inakula mafuta na vipuri vingi, na jeshi si wizara ya afya. Hoja hiyo ina uzito, ila haijafika mwisho. Rubani wa jeshi analazimika kuruka kila mara ili asipoteze ujuzi wake, na saa hizo zinalipiwa na mlipa kodi hata kama helikopta inazunguka tupu. Baadhi ya saa hizo zingeweza kumchukua mgonjwa Kisoro na kumshusha Mbarara. Wala sisemi kila homa iitiwe helikopta. Hospitali za wilaya zipewe utaratibu ulioandikwa: mgonjwa wa aina gani, nani anaidhinisha, simu inapigwa wapi.

La pili ni matengenezo. Agosti 2012 tulipoteza helikopta tatu katika Mlima Kenya zikielekea Somalia, na vijana wetu saba wakafa. Helikopta ya msaada haina bei siku ya kupokelewa; bei yake huanza kesho yake, fundi anapohitaji kipuri. Waheshimiwa wabunge, mkiletewa bajeti ya ulinzi, ulizeni fungu la vipuri na mafunzo ya mafundi liko wapi. Hiyo si siri ya kijeshi. Adui hafaidiki kwa kujua kwamba mafundi wetu wanalipwa.

Nchi iliyoibuni Huey iliipeleka vitani, lakini pia iliipeleka barabarani kwa raia wake vita vikiwa havijaisha. Sisi tumechukua nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili haihitaji kusubiri msaada wa mtu. Inahitaji waraka mmoja wenye saini za mawaziri wawili, wa Ulinzi na wa Afya.